Lida ya Kuvulia Ufukweni Mombasa: Ipi Ununue Kwanza, na Uifunge Vipi

Mtu anayevua kwa fimbo akiwa nchi kavu hutupa chubwi, yaani kizito cha kuzamisha uzi, ya wakia 5 au 6 kwa nguvu zake zote, ilhali uzi uliojaa kwenye rili yake, yaani kigurudumu cha kukunjia uzi, ni wa ratili 15 hadi 20 tu, kwa kuwa uzi mwembamba ndio uendao mbali na usiosukumwa sana na mkondo. Uzi huo hauwezi kuhimili kishindo cha kutupa. Ndiyo sababu huungwa mbele yake kipande cha uzi mnene, yaani lida, ambacho hubeba kishindo hicho tangu kwenye rili hadi kwenye chubwi. Pasipo lida, uzi hukatika fimbo ikiwa bado inazunguka, na chubwi hufyatuka kuelekea upande ambao hakuna aliyeutazamia. Pale Mama Ngina, ufukweni mwa kisiwa cha Mombasa, ambapo jioni ya Jumapili familia hupita nyuma ya wavuvi zikila mihogo, chubwi ya namna hiyo inaweza kumuua mtu.

Kanuni ya kuchagua unene ni nyepesi: kwa kila wakia moja ya chubwi, lida iwe na nguvu ya ratili 10. Chubwi ya wakia 5, ambayo ni takriban gramu 140, yataka lida ya ratili 50, na ya wakia 6 yataka ya ratili 60. Kwa nailoni ya kawaida, ratili 50 ni uzi wa unene wa milimita 0.70 hivi. Dukani usitosheke na ratili zilizoandikwa kwenye kibandiko. Tazama milimita, kwa sababu uzi wa milimita 0.50 unaodai kubeba ratili 60 umetiwa chumvi.

Chaguo langu la kwanza, na sioni haya kusema kwamba ndilo la bei nafuu kuliko mengine, ni nailoni ya kawaida ya milimita 0.70 hadi 0.80. Hunyumbuka kidogo na hivyo kupunguza makali ya kishindo, hukubali fundo bila usumbufu, na hustahimili kukwaruzwa kwa sababu ya unene wake. Ufuo wetu una mwamba na matumbawe karibu kila mahali, na hakuna uzi usiolika hapo. Kwa hiyo lida bora ni ile ambayo huoni uchungu kuikata na kuitupa. Hata nailoni nene wanayonunua wavuvi wa mshipi wa mkono yafaa, mradi iwe laini na unene wake ujulikane. Epuka ile iliyoanikwa juani mbele ya duka kwa miezi mingi, kwani jua hudhoofisha nailoni. Ukiona imefifia na kuwa kama ina vumbi la chokaa, irudishe. Rangi isikusumbue, maana ndoana hufungwa kwenye uzi wake mwingine mbele ya lida. Mimi hupenda ya manjano kwa sababu naiona usiku kwa tochi.

La pili ni lida iliyochongoka, ambayo huanza na milimita 0.35 hivi upande wa rili na kunenepa polepole hadi 0.70 au zaidi upande wa chubwi. Fundo lake ni dogo na hupita kwenye pete za fimbo bila kugonga, kwa hiyo kwenye mchanga mtupu ni raha kuitumia. Kwenye mwamba, hata hivyo, kila ukikata sehemu iliyochubuka unakata ule unene ulioulipia, na baada ya safari mbili tatu hubaki kipande kifupi kisicho na kazi.

Flurokaboni, aina nyingine ya uzi, naiweka ya tatu. Ni ngumu na hukwaruzika polepole, lakini hainyumbuki vizuri kama nailoni, fundo lake huteleza likifungwa kwa haraka, na bei yake ni kubwa mno kwa kitu kitakachoachwa baharini. Ya mwisho kabisa ni uzi wa kusuka uliotumiwa kama lida: haunyumbuki, hukata kidole, na ukigusa tumbawe ukiwa umekazwa hukatika mara moja. Waya wa chuma haumo katika hesabu hii. Kazi yake ni mbele ya ndoana, kwa ajili ya meno ya mzia na nguru.

Urefu hukadiriwa hivi: mita 2 za chubwi kuning'inia, mita 3 hivi kutoka ncha ya fimbo ya futi 13 hadi kwenye rili, na mizunguko 6 ndani ya rili. Jumla haifiki mita 7, lakini funga 10, ili upate cha kukata mwamba unapoila.

Kwa nailoni juu ya nailoni, funga fundo moja la kawaida kwenye ncha ya lida bila kulikaza, pitisha uzi mwembamba katikati yake, kisha ukaze fundo hilo. Uzi mwembamba ukunje kitanzi kando ya lida, uuzungushe juu ya lida mara 6 au 7 huku ukipitisha ncha yake ndani ya kitanzi hicho, ulowanishe kwa mate, na uvute taratibu hadi mafundo mawili yakutane. Usipolowanisha, joto la msuguano huunguza nailoni; nilipoteza machubwi matatu usiku mmoja kabla sijakubali kwamba kosa lilikuwa langu. Mkia wa lida ukatwe mshazari. Ikiwa rili imejaa uzi wa kusuka, fundo hilo halifai: tumia la FG, ambalo uzi husukwa juu na chini ya lida mara 20 hivi na kufungiwa vifundo vidogo mwishoni.

Kabla ya kutupa, fundo likae upande wa rili usioguswa na kidole. Pitisha kucha kwenye lida yote kila baada ya kunasa, hasa wakati wa bamvua, mkondo unapoiburuta juu ya mwamba. Ukihisi mkwaruzo, kata. Tena, ukivua kaskazini ya kisiwa, uliza kwanza mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa (Mombasa Marine National Park) iliyotengwa mwaka 1986, kwani ndani yake uvuvi umekatazwa, kwa lida yoyote ile.