Uzoefu wangu: kula Rarotonga, kuanzia soko la Punanga Nui hadi shimo la umu

Nimezaliwa Tanga, katika nyumba ambayo nazi ilikunwa kila siku ya Mungu, na sasa naishi Auckland. Kwa hiyo nilipokwenda Rarotonga, kisiwa kikuu cha Visiwa vya Cook katika bahari ya Pasifiki, kipimo changu cha jiko lolote kilikuwa kimoja: tui lao limekamuliwa leo, au limetoka kwenye kopo? Naandika kwa ajili ya Waswahili walioko New Zealand na Australia wanaofikiria kwenda Visiwa vya Cook, na kwa yeyote anayetaka kujua wenyeji wa kule wanakula nini hasa. Nilikwenda na shoga yangu wa Lamu, Mwislamu, na maswali yake kuhusu chakula yatawafaa wengi, kwa hiyo nimeyatia humu.

Kwanza ya safari, kwa haraka. Ndege kutoka Auckland huchukua chini ya saa 4, na njiani unavuka mstari wa tarehe, hivyo ukiondoka Ijumaa unafika Alhamisi. Hesabu siku zako vizuri uwepo kisiwani Jumamosi asubuhi. Hilo ndilo la muhimu kuliko yote nitakayosema hapa. Barabara kubwa inakizunguka kisiwa kwa kilomita 32, na mabasi yanapita pande zote mbili, mengine yakifuata mshale wa saa, mengine kinyume chake, kwa hiyo bila gari utafika popote penye chakula. Pesa wanayotumia ni dola ya New Zealand. Wana noti na sarafu zao pia, ikiwemo noti ya dola 3, lakini zitumie zote kabla ya kuondoka, maana nje ya visiwa hivyo hazipokelewi. Ukitokea Afrika Mashariki moja kwa moja, shughulikia mapema viza ya kupita New Zealand.

Jumamosi asubuhi soko la Punanga Nui, pale mjini Avarua karibu na bandari, linajaa mapema sana. Watalii huja saa tatu au saa nne, na wakati huo vyakula vya wenyeji vimekwisha, zimebaki kanga za ufukweni na shanga. Sisi tulifika jua likiwa bado halijachoma. Tuliona mafungu ya magimbi yaliyooshwa udongo, mashelisheli, mihogo, viazi vitamu, mapapai, ndizi za kila namna, na madafu kwenye barafu. Shoga yangu alisimama akashika kiuno, akasema, "Hapa mimi sina mpishi wa kunifundisha kitu." Alifundishwa, tena vizuri.

Mama mmoja mtu mzima (na kule nako wanawake wa umri wake huitwa Mama na kila mtu) alikuwa amekaa kwenye mbuzi. Ni kibao cha kukalia, kina ulimi wa chuma wenye meno, hakina tofauti kubwa na mbuzi wa nyumbani. Nazi ilikuwa inazunguka mkononi mwake bila yeye kuitazama, nazi iliyokunwa ikidondoka kwenye beseni jeupe. Akaikusanya ndani ya kitambaa, akakikunja, akakamua kwa mikono miwili mpaka mishipa ya mkono ikasimama. Maji hakutia hata tone. Lililotoka lilikuwa tui zito, la kushuka polepole, akalimwagia palepale juu ya sufuria ya majani ya magimbi yaliyokwisha kuiva. Shoga yangu akanibana mkono: "Kasimele tupu hiyo. Umeona? Wala hajachuja mara ya pili."

Majani hayo ndiyo rukau. Ukitaka kuelewa chakula cha Visiwa vya Cook anza nayo. Majani ya magimbi yanachemshwa muda mrefu, kwa sababu yasipoiva yanawasha koo vibaya, kisha yanatiwa tui na kitunguu, na chumvi kidogo. Yanalainika yakawa kama kisamvu cha nazi kilicholala usiku mmoja. Wengine huchanganya nyama ya ng'ombe ya kopo, ambayo imeshakuwa chakula cha kawaida visiwani, kwa hiyo asiyeitaka aulize. Mimi nilikula ile tupu, kwa kipande cha gimbi la kuchemsha, nimesimama, na nikarudi kuongeza. Hakuna chakula cha mgahawa kisiwani kilichoifikia ile sahani ya karatasi.

Ika mata inafuata. Ni samaki mbichi, mara nyingi jodari, anakatwa vipande vidogo vya mraba, anakamuliwa ndimu au limau, anaachwa kidogo mpaka nyama ibadilike rangi kwa nje, halafu anatiwa tui, kitunguu, nyanya, pilipili hoho, wakati mwingine tango. Najua wasomaji wengi wa pwani hawajazoea samaki ambaye hajaona moto. Mimi nilianza na kijiko kidogo. Siri yote iko kwenye mambo mawili: samaki awe ametoka baharini siku hiyohiyo, na tui liingie mwisho kabisa, karibu na kula. Likiingia mapema, linakatika kwa ule uchachu na bakuli linajaa maji. Ile ya sokoni nyama yake ilikuwa inang'aa, imara mdomoni, na tui lilikuwa tamu bila sukari. Ukiona ika mata imekaa kwenye friji ya kioo imetenga mafuta juu na maji chini, pita.

Kuna na vitu ambavyo hutavikuta kwenye menyu za wageni. Mitiore ni nazi iliyokunwa ikaachwa ichachuke, ikachanganywa na kaa au wanyama wa kombe, na kitunguu. Harufu yake ni kali, na siidai kuwa niliipenda mara ya kwanza, lakini ukiila na gimbi unaelewa kwa nini watu wanaitaka. Poke, ambayo haihusiani na samaki wa Hawaii wa jina hilo, ni ndizi au papai lililopondwa likachanganywa na wanga, likaokwa, likakatwa vipande na kumwagiwa tui. Shoga yangu alinunua vifungu vya kutosha kumlisha mtu wiki, na hakunigawia kwa hiari. Halafu kuna mainese, saladi ya viazi yenye rangi ya waridi kwa sababu ya bitiruti, na hiyo utaiona kwenye kila karamu bila kukosa.

Tulilipia pia chakula cha umu, kwa familia inayopokea wageni uani kwao. Hapa ndipo ningemwambia mtu atumie pesa yake. Shimo linachimbwa, kuni zinawashwa, mawe ya volkano yanapangwa juu ya moto mpaka yapate joto kali. Kuni zikishateketea mawe yanasambazwa, chakula kilichofungwa kwenye majani kinapangwa juu yake, kinafunikwa majani ya migomba tabaka kwa tabaka, magunia yaliyolowa, kisha udongo. Hakuna moshi unaotakiwa kuonekana. Mzee mwenye nyumba alikuwa anazunguka na koleo, akiona uzi mmoja wa mvuke unatoka anauzika. Baada ya kama saa tatu wanafukua, na harufu inayokuja ni ya majani, udongo na nyama kwa pamoja. Kuku alikuwa anaachia mfupa. Shelisheli lilikuwa limeingia ladha ya moshi mpaka katikati, na viazi vitamu vilitoa utomvu wa sukari uliogandamana na jani. Rukau ya umu ni nzito kuliko ile ya sokoni, na tui lake limekaukia ndani ya majani.

Waislamu wasikilize hapa. Nguruwe ndiye mfalme wa umu. Anafukiwa shimo moja na kuku na magimbi, na mafuta yake yanashuka juu ya kila kitu kilichoko chini. Kutokula nyama yake peke yake hakutoshi. Shoga yangu aliandika ujumbe siku kadhaa kabla, akaeleza kwa adabu, na wenyeji wakampikia samaki na magimbi yake kando, nje ya shimo. Hawakununa wala kuongeza bei. Kuku mwenyewe usitegemee awe amechinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, kwa hiyo samaki ndiye wa kutegemea, na kwa bahati samaki wa kule ni wa kuringia.

Ila kuhusu samaki, kuna jambo la afya. Samaki wa miamba ya Rarotonga wanaweza kuwa na sumu iitwayo siguatera, inayotokana na viumbe vidogo mno wanaoota kwenye mwani wa matumbawe. Samaki wadogo wanakula mwani, wakubwa wanakula wadogo, na sumu inazidi kujikusanya. Haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Ndiyo maana wenyeji waangalifu hununua jodari na wenzake wa bahari kuu kutoka kwa wavuvi wanaowajua. Muuzaji akikwambia samaki ametoka nje ya mwamba, amekupa habari njema. Usivue mwenyewe kwenye maji ya ndani ya mwamba na kwenda kupika, hasa ikiwa huijui sehemu hiyo, na zipo sehemu zilizowekewa raui, marufuku ya kimila ya kuvua, ambazo mgeni anapaswa kuziheshimu.

Sasa hoteli. Usiku mmoja tulikwenda kwenye karamu ya buffet yenye ngoma, kwenye hoteli kubwa ya ufukweni ambayo sitaitaja. Ngoma zilikuwa za kutetemesha kifua na wachezaji walistahili kila makofi. Chakula kiliniuma moyo. Kwa bei ya sahani kadhaa za sokoni tulipewa ika mata ya tui la kopo, unalitambua kwa ule utelezi wake na ladha iliyopooza, rukau iliyopozwa ikapashwa, na safu ndefu ya nyama za kuchoma na saladi ambazo ningezipata Auckland kesho yake. Nazi zilikuwa zimejaa juu ya minazi nje ya dirisha! Nilimuuliza mhudumu kwa upole, akanijibu kwamba wageni wengi hawali vyakula vya wenyeji, hivyo jikoni wanapika kidogo tu. Mimi naona wageni hawali kwa sababu wanachopewa ni kivuli cha chakula chenyewe. Mpe mtu yeyote ile sahani ya Mama wa sokoni, uone kama ataacha.

Tofauti ni soko la usiku la Muri, upande wa maji tulivu ya ndani ya mwamba, linalofunguliwa jioni kadhaa za wiki. Ni meza za mbao, taa, na vibanda vya familia. Sahani ilikuwa kama dola 15 hadi 20, na ilishibisha hata watu wawili wasio na njaa kubwa. Tulikula jodari wa kuchoma na rukau na shelisheli la kukaanga, na kibanda kimoja kilikuwa na tui la siku hiyo, nilionja nikajua. Wahi saa kumi na moja jioni, kwa sababu vilivyo bora vinakwisha mapema. Bakshishi si desturi yao, lipa bei iliyoandikwa na useme "meitaki", asante.

Dukani bei zitakushtua, kwa kuwa vitu vingi vinaletwa kwa meli au ndege kutoka New Zealand, na meli ikichelewa rafu zinabaki tupu. Mboga na matunda nunua kwa wakulima. Njiani utakuta vibanda visivyo na mtu, unachukua papai na kuacha hela kwenye kopo. Kahawa ya kisiwa cha Atiu inauzwa huko pia, na inastahili nafasi kwenye mkoba wako kuliko vinyago vya plastiki.

Jumapili kisiwa kinatulia, maduka mengi yanafungwa. Mimi nilikwenda ibada kwenye kanisa la Avarua, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe mwaka 1853. Uimbaji wao hauna kinanda: wanawake wanapandisha sauti juu, wanaume wananguruma chini, na benchi linatetemeka ulilokalia. Ibada ilipokwisha wageni tukaalikwa ukumbini kwa chai. Meza ilikuwa imejaa keki, mikate, ndizi, poke, na mabirika ya chai, vyote vimetoka majumbani kwa waumini. Mama mmoja aliniona nasitasita, akanijazia sahani bila kuniuliza, akaniambia kwa Kiingereza nikae nile kwanza, maswali baadaye. Alipojua natoka mahali penye nazi aliniuliza tunapikaje magimbi kwetu, na tulizungumza jikoni mpaka vyombo vikaoshwa.

Tathmini yangu: soko la Punanga Nui nyota 5, umu ya familia nyota 5, Muri nyota 4 kwa sababu ya foleni, buffet ya hoteli nyota 2, zote mbili za wachezaji. Ningerudi kesho, na ningetafuta chumba chenye jiko, nikanunua nazi zangu sokoni.

La mwisho kwa wanaorudi kupitia New Zealand: forodha yao ni kali sana kwa matunda, mimea na vyakula. Kila chakula kilichomo kwenye mkoba kitaje kwenye fomu, hata kama ni pakiti ya kahawa. Ukikutwa na tunda ulilosahau kulitaja, faini ya papo hapo ni dola 400. Mashelisheli yako yamalize Rarotonga.