System Restore na antivairasi: uzoefu wangu wa kurejesha Windows inapogoma

System Restore ya Windows, zana ya kurudisha mfumo kwenye hali ya tarehe ya nyuma, naiamini, ila kwa sharti moja: inapofanya kazi, antivairasi isiwe macho. Wengi huitupia lawama kwamba haifai kitu, kumbe kinachoikwamisha ni mlinzi waliyemweka wenyewe.

Dalili ni rahisi kuitambua. Unachagua tarehe ya kurudi, kompyuta inajizima na kuwaka, unasubiri weee, kisha unaambiwa urejeshaji haukukamilika na faili za mfumo hazikubadilishwa, pamoja na namba 0x80070005. Namba hiyo maana yake ni kunyimwa ruhusa. Antivairasi hulinda faili zake na sehemu zake za rejista (hifadhidata ya mipangilio ya Windows) dhidi ya yeyote anayetaka kuzigusa, kwa kuwa virusi wengi hujaribu kwanza kuizima. System Restore nayo inataka kuzirudisha faili hizo hizo kama zilivyokuwa juma lililopita. Antivairasi haitofautishi. Inakataa, na faili moja iliyokataliwa inatosha kuvunja kazi nzima.

Ndiyo maana kubofya ikoni iliyo kando ya saa na kuzima ulinzi mara nyingi hakutoshi. Hapo umesimamisha ukaguzi tu. Draiva ya kujilinda, programu ndogo inayofanya kazi ndani kabisa ya mfumo, inaweza kuwa bado imo. Ingia kwenye mipangilio ya antivairasi, tafuta sehemu ya kujilinda, nayo uizime.

Ukitaka kuona kwa macho yako ni draiva gani za antivairasi zimo, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike fltmc filters. Kwenye safu ya Altitude (namba ya nafasi ya kila draiva), namba kati ya 320000 na 329998 ndizo zilizotengewa antivairasi. WdFilter, yenye 328010, ni ya Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows. Ukikuta na draiva nyingine ya programu uliyokwisha kuiondoa zamani, hayo ni mabaki, na mabaki yanaweza kuzuia kama programu nzima. Tumia zana ya kusafishia ya mtengenezaji wake. Usifute faili ya .sys ya draiva hiyo kwa mkono, kwani rejista itaendelea kuiita na Windows inaweza isiwake kabisa.

Njia ninayoipendelea, hata hivyo, ni kuiendesha System Restore kutoka nje ya Windows. Shikilia Shift, bofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, System Restore. Windows ya kwenye diski inakuwa imelala, draiva za antivairasi hazijapakiwa, hakuna wa kukukatalia. Ila diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, huenda ukaombwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uwe nao karibu kabla hujaanza. Na urejeshaji unaofanywa huko hauna kitufe cha kutengua. Kilichobaki ni kuchagua tarehe nyingine.

Kabla ya kukubali tarehe, bofya Scan for affected programs. Antivairasi yako ikiwa kwenye orodha hiyo, jiandae kuisakinisha upya, maana mara nyingi programu hurudi nyuma huku data zake zikibaki mpya, na ulinzi unagoma kuwaka. Kompyuta ikishatulia, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow, amri mbili za kukarabati faili za Windows. Fuata mpangilio huo, kwa sababu sfc huchukua faili zisizoharibika kutoka kwenye hifadhi ya faili za Windows ambayo DISM ndiyo inayoikarabati.

Ninachokilalamikia ni kwamba kwenye kompyuta nyingi ulinzi wa mfumo (System Protection), unaohifadhi tarehe hizo za kurudi, huja umezimwa, na mtu anagundua siku anayouhitaji. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda System Protection, chagua diski C, bofya Configure, uiwashe na kuitengea asilimia 5 hadi 10 ya nafasi. Nyaraka na picha zako hazirejeshwi na System Restore. Hizo zinahitaji nakala kwenye diski ya nje.