Picha za Mathayo pale Roma: bure kabisa, ila beba sarafu

Wadau mkifika Roma msikimbilie Vatikani tu, pitieni San Luigi dei Francesi, kanisa la Wafaransa karibu na Piazza Navona. Kuingia bure. Kushoto mwisho kabisa kuna picha tatu za mchoraji Caravaggio, zote za Mathayo yule mtume, na ile ya kuitwa kwake na Yesu alichora 1599 hadi 1600. Tumbukiza sarafu kwenye kiboksi taa iwake. Sasa tulia uangalie hiyo ya kuitwa, Mathayo na wenzake wako mezani na hela zao, wamevaa nguo za enzi za mchoraji mwenyewe, yaani kama leo umchore mtoza ushuru na jinzi, halafu Yesu kasimama kulia gizani, unaona uso na mkono basi, Petro kamkinga, na mwanga unaingia kutokea upande wao. Mkono wenyewe umelegea kama ule wa Adamu aliyechorwa na Michelangelo kule kanisa la Sistina, Vatikani! Ila mimi aliyenigusa ni yule kijana wa mwisho kushoto, kainamia hela wala hashtuki. Taa ikazima, nikachimba mfuko tena hahaa. Nyota tano, nendeni wakifungua tu.