Africafé ya mkebe baada ya miaka ya kapuchino: uzoefu wangu

Nilikuwa nimeenda Eastleigh, hapa Nairobi, kutafuta iliki, nikarudi na mkebe wa Africafé. Ule mdogo wa gramu 50, ambao bei yake haiko mbali na ya kapuchino moja mjini. Huo umeshaisha, nimenunua mwingine, kwa hiyo naona nina haki ya kusema neno.

Kwa waliozaliwa juzi: hii ni kahawa ya unga ya kuyeyusha, na inatengenezwa na kiwanda cha Tanica kule Bukoba, mkoa wa Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Ndiyo, ni ya Tanzania. Jambo hilo lilimchekesha sana marehemu babangu. Kwao Murang'a watu walitoka jasho wakichuma kahawa inayosifiwa dunia nzima, halafu mkebe uliokuwa kabatini mwetu ulitoka Kagera. Yetu ilipelekwa kiwandani jioni ileile ilipochumwa, ikamenywa, ikalowekwa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye meza za waya, na baada ya hapo hatukuiona tena. Ilipigwa mnada Nairobi ikaenda zake Ujerumani na Marekani. Mkulima alibaki kusubiri malipo, maana hayo ndiyo yaliyokuwa karo. Nyanya yangu alitunza mibuni tangu ujana wake na akafa akinywa chai.

Siku hizi hata hiyo mibuni imepungua. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa takriban tani 130,000 za kahawa. Sasa tunazungumzia kama tani 50,000. Panda matatu ya Thika Road uhesabu mitaa iliyobaki na jina tu: Kahawa West, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani. Mbuni wenyewe huuoni.

Turudi kwenye mkebe. Bado unafunguliwa kwa mkia wa kijiko, jambo lililonifurahisha kuliko inavyostahili. Unga ni laini sana na mweusi kwelikweli. Ukiukoroga na maji moto peke yake, utapata kahawa kali yenye uchungu unaokaa ulimini, na harufu ya kukaangwa kuliko ya tunda. Si ajabu, kwa sababu Kagera ni eneo la robusta, aina ya kahawa iliyo kali, na robusta haina ule uchachu mtamu wa arabika, aina ile nyingine, ya Nyeri na Kirinyaga. Ukishazoea kahawa ya kusaga, kikombe cha kwanza kitakukunja uso. Binti yangu alionja mara moja akakirudisha mezani bila neno.

Lakini nyumbani kwetu, mtaa wa Jericho, Nairobi, hakuna aliyeinywa hivyo. Chai ndiyo iliyokuwa ya kila siku. Kahawa ilikuwa ya wageni, na mkebe ulikaa rafu ya juu pamoja na vikombe vya visahani ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa. Akija padri, au mwalimu mkuu, au wageni wa posa, mama aliita mmoja wetu jikoni aje apige kahawa.

Kupiga kahawa ni hivi. Kwenye kikombe kikavu unatia kijiko kimoja cha kahawa kwa kila mgeni na sukari mara mbili yake. Kisha maji ya moto, matone tu. Ukizidisha umeharibu, na sukari ya watu imekwenda bure. Unakibana kikombe kifuani unaanza kukoroga kwa nguvu, kijiko kikigonga ukingo. Mwanzo ni tope jeusi linalokwaruza, sukari ikisikika chini ya kijiko. Baadaye mkwaruzo unakoma. Rangi inaanza kufunguka, inakuwa kama ganda la andazi, inapauka tena, inavimba, mpaka ukiinua kijiko inateremka taratibu bila kukatika. Wakati huo mkono umeshakufa. Ukiacha mapema mama anajua kwa kutupia jicho tu, unarudishwa kazini. Ikiwa tayari, unamimina maziwa yanayotokota kutoka juu, na povu linapanda hadi mdomoni mwa kikombe. Maziwa yenyewe yalikuwa yale ya kampuni ya KCC ya pakiti za pembetatu, ndugu za maziwa ya Nyayo tuliyopewa shuleni.

Mwaka 2020, tulipokuwa tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona, binti huyohuyo alinionyesha kwenye simu kitu kipya kutoka Korea Kusini kinachoitwa dalgona. Nilimwambia alete kikombe na kijiko.

Hapo ndipo Africafé inapojipatia sifa kwangu. Unga wake unapigika vizuri na uchungu wake haumezwi na maziwa wala sukari. Nimepiga pia kahawa ya chembechembe ya chupa ya kioo, ghali kuliko hii, na ikawa nzuri, ila maziwa yaliifunika. Nimejaribu kale kamashine ka betri ka kupigia povu: kanafanya haraka, lakini povu lake lina mapovu makubwa na linazama. Nilichokikumbuka miaka yote, kumbe zaidi ya nusu kilikuwa maziwa, sukari na mkono. Bila hivyo mkebe huu ni wa kawaida tu.

Babangu alikuwa na kahawa yake nyingine, ya nje ya nyumba. Alipotoka kazini alipitia Majengo, Pumwani, kwa mzee wa kahawa chungu: dele la shaba juu ya makaa, tangawizi ya kuunguza koo, vikombe visivyo na mkono, na kashata pembeni. Wanawake hatukukaa pale, kwa hiyo niliijua kwa harufu ya koti lake. Sasa naagiza waziwazi, na wazee wa Eastleigh wanaouza jioni wananikaribisha bila kunishangaa. Kwa kahawa nyeusi, hiyo naiweka mbele ya mkebe wowote.

Kahawa ya mjini nayo ilikuwa ya wenye suti. Thorn Tree ya New Stanley, pale Kimathi Street, tuliipita tukitazama watalii wakisoma karatasi zilizobandikwa kwenye mgunga. Java House ilipofungua mlango wake wa kwanza Adams Arcade mwaka 1999, ndipo wenzangu wengi tulipoanza kusema "tukutane kwa kahawa". Sina kinyongo na mikahawa. Ila juzi moja, ambayo siitaji, iliniletea kapuchino vuguvugu iliyochorwa moyo juu, nikaukumbuka mkebe ulioko nyumbani.

Ukinunua, usichovye kijiko kibichi kwenye mkebe. Unga hushika unyevu ukaganda. Ufunge kifuniko mpaka kilie. Na usipige kahawa hii saa tatu usiku, kwa sababu robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na mimi nimeshatazama dari hadi jogoo wa jirani akawika. Ukitaka kahawa nyeusi ya asubuhi, tafuta ya kusaga ya humu nchini. Dormans wamo kwenye biashara hii Nairobi tangu 1950 na pakiti zao hazijifichi. Africafé ni ya maziwa, ya mkate uliopakwa Blue Band, na ya siku una mtu wa kuzungumza naye wakati mkono unafanya kazi.

Dada yangu wa Nakuru ameshaagiza mkebe wake. Amesema nimpelekee na mtu wa kuipiga.