Vitufe vya VS Code: ukikificha, kinakwenda wapi?

Haya wadau, karibuni tena. Leo nimefungua Visual Studio Code (VS Code), programu ya kuandikia msimbo, na sigusi rangi wala fonti. Nataka vitufe tu, vile vidude vya juu na pembeni ambavyo kila mtu anavibonyeza na karibu hakuna anayevipanga.

Tazameni juu kulia. Faili liko wazi, na kuna kitufe cha kugawa dirisha mara mbili. Skrini yangu ndogo, sikitumii. Nabofya kulia juu yake, menyu fupi inajitokeza, nachagua kukificha. Kimeondoka! Sasa bonyezeni vile vidoti vitatu pembeni... kile pale, kimejibanza ndani, na ukikibofya kinafanya kazi ileile. Hapo nawapa tano, maana unasafisha meza bila kutupa chombo.

Upau wa ikoni za pembeni nao hauna makuu. Unaiburuta ikoni juu au chini, inakaa unapoiachia. Ukibofya kulia inakuja orodha ya tiki. Ukitoa tiki, ikoni inapotea. Mimi niliwahi kuificha ile ya kutafuta kwa mkono wangu mwenyewe, nikasahau, nikahangaika weee! Kumbe Ctrl+Shift+F ingeifungua muda wote. (Msinicheke.)

Ukishavuruga kabisa, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Reset All Menus, na vitufe ulivyoficha kwenye menyu vinarudi. Paneli ulizohamisha zina amri yao, Reset View Locations. Watu huzichanganya hizi mbili, halafu wanasema haifanyi kazi.

Kinachonikera ni hiki: kuficha unaweza, kuhamisha unaweza, lakini kuongeza kitufe chako mwenyewe, tuseme cha kuendesha amri unayoiandika mara ishirini kwa siku, mpaka utafute kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza. Kwa nini jamani?

Linganisheni na zana za wasanidi, yaani watengenezaji wa tovuti, ndani ya kivinjari cha Firefox. Kwenye mipangilio yake kuna orodha ya vitufe: rula, picha ya ukurasa mzima na vinginevyo. Ukiweka tiki kwenye picha ya ukurasa, kamera inatokea papo hapo kwenye upau. Navyo ni vya kuchagua kutoka walivyokuandalia, si vya kubuni, ila angalau upau unaongezeka. Ngoja nibane dirisha muone... mnaona? Vichupo visivyoenea vinaingia nyuma ya mishale miwili, na vinakungoja humo.