Vivinjari vya Chrome, Edge na Firefox: vitufe vingi ni vile vile, ila cha dirisha la faragha

Niko steshenari, kutwa nafungulia wateja barua pepe wachapishe vyeti. Ctrl+Shift+T ndiyo naipenda kuliko zote: mteja akifunga kichupo (tab) kwa bahati mbaya, kinarudi palepale, iwe Chrome, Edge au Firefox. Ctrl+L nayo ni ileile kote, unaandika anwani bila kugusa mausi.

Shida ni dirisha la faragha, lile lisilohifadhi historia ya kurasa ulizofungua. Chrome na Edge ni Ctrl+Shift+N. Firefox ni Ctrl+Shift+P, na ukibonyeza Ctrl+Shift+N inarudisha dirisha lililofungwa. Yaani unataka kumsitiri mteja huyu, linaweza kufumuka la aliyetangulia! Hili wangekubaliana, jamani, ni siri za watu. Kompyuta yenye Firefox nimeibandikia karatasi ya P kubwa pembeni mwa skrini.