Vizibo vya masikio vya E-A-R Classic: pakiti inasema 29, sikio linapata ngapi?

Kizibo hiki cha njano cha kampuni ya 3M ni kipande cha sponji ya PVC inayofura polepole ikishabanwa. Kufura huko kwa polepole ndiko ubora wake: unakisokota kikawa chembamba, unakiingiza, nacho kinatanuka kufuata tundu la sikio jinsi lilivyo. Tunakipendekeza kwa anayefanya kazi na grainda, randa ya umeme au mashine ya kusaga, ila namba ya kwenye pakiti isomwe kwa uangalifu.

Pakiti inaandika NRR 29, yaani kipimo cha Marekani cha desibeli ambazo kizibo hupunguza. Namba hiyo hupatikana maabara: watu 10 hupimwa sauti ndogo kabisa wanayoisikia, kwanza masikio yakiwa wazi, kisha yakiwa yamezibwa, na kila mmoja hupimwa mara 3. Lakini kwa utaratibu wa upimaji wa ANSI S3.19 (kanuni ya viwango ya Marekani) wa mwaka 1974, unaotumika kwa lebo hiyo Marekani, anayeingiza kizibo ni mpimaji, si mvaaji. Karakanani mtu hujiingizia mwenyewe, mbiombio, na hapo desibeli nyingi hupotea. Ndiyo maana NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, mwaka 1998 ilishauri NRR ya vizibo vya sponji ikatwe nusu, na kama kelele imepimwa kwa dBA (desibeli zilizorekebishwa kufuata jinsi sikio linavyosikia), zitolewe 7 zaidi. Kwa hiyo 29 inakuwa 14.5, kisha 7.5. Grainda ya 100 dBA inafika sikioni ikiwa 92.5, kiwango ambacho kwa NIOSH (85 dBA kwa saa 8, muda ukipungua nusu kwa kila desibeli 3) mwisho wake ni takriban saa 1 na dakika 25. Hesabu hii ni kali kwa anayejua kukivaa. Kwa asiyejua bado ni ya ukarimu, maana kizibo kilichoning'inia mlangoni mwa sikio kinaweza kukinga karibu na sifuri.

Kuvaa ni hivi. Nawa mikono. Sokota kizibo taratibu kwa vidole hadi kiwe chembamba bila mikunjo, kwa sababu mkunjo huacha mfereji ambao kelele hupitia. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nje ili tundu linyooke, ingiza mara moja, kisha shikilia kwa kidole sekunde 30 hadi 40. Wengi huachia baada ya sekunde 5 na sponji inajisukuma nje. Kuhakikisha, funika masikio kwa viganja: kelele ikishuka sana, kizibo hakijaziba, toa uanze upya. Mwenye tundu jembamba atafute saizi ndogo, asilazimishe.

Kosa jingine ni kukitoa ili kuongea. Hata kizibo kinachokinga desibeli 30 kamili, kikitolewa jumla ya dakika 48 katika saa 8, kinga ya siku nzima inashuka hadi desibeli 10 hivi.

Wapo wanaosubiri kidonge cha kukinga masikio na kelele. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la ebselen, dawa ya aina hiyo, kwa vijana 83: waliomeza miligramu 400 mara mbili kwa siku walipungukiwa usikivu kwa muda kwa desibeli 1.32 kwenye sauti nyembamba ya 4 kHz, dhidi ya 4.07 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo mazuri, lakini kelele yao ilikuwa muziki wa saa 4 tu, si miaka 20 ya kiwandani. Na mwaka 2009 watafiti Kujawa na Liberman walionyesha kwamba panya waliopigwa kelele ya desibeli 100 kwa saa 2 walirudi kusikia kama kawaida kwenye vipimo, ilhali karibu nusu ya viungio kati ya seli za kusikia na neva vilikuwa vimepotea sehemu iliyoathirika. Kwa hiyo masikio "kufunguka" asubuhi baada ya zamu si ushahidi wa usalama.

Kukitoa, zungusha taratibu huku ukivuta. Kukichomoa ghafla huvuta hewa na kunaweza kuumiza kiwambo cha sikio. Sponji iliyokakamaa au isiyofura tena itupwe.